Kilio cha Tata Sanduku

Jamani, niacheni kwanza nipumue! Tangu gazeti la wiki iliyopita litoke sina raha. Pale soko la Kapata mama mmoja alinishika shati mbele ya watu, akanikaripia: "We mwandishi, unaacha mutu wa benyewe mu sanduku, unaenda kula bukari yako?" Basi mama, ugali nimekula, nimerudi. Sanduku bado liko wazi na Tshimanga bado yumo ndani, amelala chali.

Na wewe uliyelipata gazeti hili limefungiwa samaki, sogea nikuambie haraka. Tshimanga ni mwigizaji wa filamu za kutisha, zile za video anazopiga Kabemba, mpiga picha wa harusi. Katika kila filamu Tshimanga anakufa. Anafungiwa ndani ya sanduku la maiti. Kabemba anagonga ubao mara mbili, ko! ko!, na Tshimanga anaamka, uso mweupe, anatafuta shingo ya kuuma. Hakuna anayemwita Tshimanga hapa Kolwezi. Wanamwita Tata Sanduku, yaani Baba Sanduku, na mpaka Fungurume kuna watoto wasiokubali kwenda chooni peke yao kwa sababu yake.

Kazaliwa hapa mtaani Kapata. Baba yake alichimba shaba ya hapa mpaka kifua kikaisha. Ila babu alitoka Kasai, na mwaka huu swali ni hilo moja tu: babu yako alitoka wapi? Komite ya wanaojiita wenyeji imeamua Wakasai wote wapande treni warudi kwao, hata yule ambaye huko kwao hajawahi kupaona hata kwenye picha. Wanawake wa Katanga walioolewa nao wabaki, warudishwe kwa kaka zao kama sufuria iliyoazimwa.

Sasa mke wa Tshimanga ni Mbuyu, Muluba wa Katanga. Hawa wawili hawataki kuachana. Ni hilo tu, hawana siasa nyingine.

Ndiyo maana Mbuyu akatunga filamu yake. Mume afe nyumbani. Afungwe ndani ya sanduku la Kabemba, lile lenye tundu dogo karibu na sikio, kwa misumari mifupi ya filamu ambayo mtu akiusukuma mfuniko kwa goti inang'oka. Azikwe juu juu. Watu wakiondoka makaburini atoke, aende kujificha shambani kwa shangazi yake Mbuyu, huko Lubudi. Tulipoachana Tshimanga alikuwa tayari, unga wa muhogo usoni, pamba puani, na mlango unagongwa kwa teke.

"Fungula! Ni komite!"

Sauti ilikuwa ya Kisimba. Huyu ni kaka mkubwa wa Mbuyu, na ndiye mkuu wa vijana wa komite hapa Kapata. Mnamjua kwa sura. Ndiye yule anayeumwa wa kwanza katika kila filamu, hajawahi kuiona nusu ya pili akiwa hai. Na katika filamu hizo ana kazi nyingine pia: kupigilia misumari ya sanduku.

Mbuyu akafungua, kichwa wazi, kitambaa kimeanguka mabegani.

"Yaya! Kaka yangu! Bwana yangu amekufwa!"

"Amekufwa na nini?"

"Roho imesimama. Ju ya woga ya treni."

Vijana wenye marungu wakachungulia. Mmoja akacheka. "Shefu, uyu anafwaka kila filme! Mi nilishaonaka na macho yangu. Ngojea kidogo tu, ataamuka."

Kisimba akasogea mpaka kwenye sanduku. Akainama kumtazama shemeji yake uso kwa uso. Kaka mtu akasogeza mdomo karibu na sikio la maiti, akanong'ona:

"Bofrere, umesahau kupaka unga ku shingo."

Maiti haikujibu. Huyo ni mtu wa kazi, bwana.

Kisimba akasimama wima. Neno moja tu lilitosha kumpandisha Tshimanga treni. Akamtazama dada yake, akatazama lile sanduku alilolipigilia mara chungu nzima, halafu akawageukia vijana wake kwa ukali.

"Bakofia chini! Hamuone hapa kuko kilio?"

Baadaye Mbuyu alimshika pembeni, akamuuliza kwa nini. Kisimba akakuna shingo. "Akienda Kasai, nani ataniuma?" akajibu, akajifanya anatafuta kiti.

Mnajua desturi yetu. Ukikuta kilio unakaa. Umekuja kugombana, unakaa kwanza. Umekuja kumfukuza mtu, unakaa vilevile. Basi vijana wa komite wakaweka marungu chini ya viti na kukaa, na rungu moja liliishia motoni chini ya sufuria maana kuni zilikuwa chache.

Habari ikapita Kapata yote. Tata Sanduku amekufa! Watu wakaja kutoka kila safu ya nyumba. Walewale ambao jana walikuwa wanapita wakiimba nje ya dirisha lake kwamba bilulu, yaani wadudu, watoke, leo wamebeba makaa na unga. Mama Ndaya, jirani, ambaye kwa wiki nzima alikuwa analipima kabati la Mbuyu kwa macho, alilia kuwashinda wote. Akajitupa chini, akajigaragaza, akaamka kidogo kuangalia kabati kama bado lipo, akajitupa tena.

Lakini kulikuwa na jambo moja la ajabu katika kilio hicho. Watu walipanga viti kwa safu, wote wanaelekea sandukuni, kama kwenye sebule ya video ya Kabemba. Watoto mbele, wakubwa nyuma. Hakuna aliyetaka kwenda haja akakosa.

"Wee tata, inamisha kichwa, sione!"

"Anaamukaka saa ngapi?"

"Nyamaza, mujane analia."

Kabemba naye kafika na kamera begani. Mbuyu akamkodolea macho. "Kabemba, sasa hii ni nini?"

"Mama, batu wengi vile, mwangaza muzuri vile, na sijalipa hata mumoja! Unataka niache?"

Yuko radhi mama yake afe mara mbili, huyo, mradi betri imejaa.

Kamera hiyo ndiyo iliyoleta balaa, kwa sababu ilimbakisha pale shefu Mwenze. Huyu ndiye mkubwa wa komite ya Kapata yote. Ndiye aliyetembea na kipaza sauti akitangaza kwamba hata panya wa Mkasai apande treni. Alikuja kuthibitisha kifo kwa haraka na kuondoka. Ila alipoiona kamera akasimama, akafunga vifungo vya koti, akauliza taratibu upande upi ni mzuri.

"Hapa shefu, karibu na sanduku. Sogea kidogo. Njo vile."

Shefu Mwenze akakohoa, na machozi yakamjaa palepale. Sijui watu hawa wanayaweka wapi. Na diskur yake, hotuba yenyewe, ikaanza.

"Bandugu! Tshimanga hakukuwa mugeni! Nani alisema ni mugeni? Nionyesheni huyo mutu! Tshimanga alizaliwa hapa, alikula bukari ya hapa, alitisha batoto ba hapa! Alikuwa mwana wa Katanga!"

"Kweli kabisa!" wakaitika vijana wa komite, wengine wanafuta pua.

Ndani ya sanduku Tshimanga alikuwa anasikia kila neno. Fikirieni, wasomaji wangu. Umekaa mtaani kwako maisha yako yote, watu wanakuita mdudu, halafu unasikia kumbe unapendwa, ila ulitakiwa ufe kwanza. Chozi moja likapenya chini ya kope na kuchora mstari kwenye unga. Mbuyu akaliona, akajitupa kifuani kwa mumewe na kulifuta kwa kitambaa.

Shefu alikuwa amepanda moto. "Kama angekuwa muzima leo, mi mwenyewe, mbele ya Mungu na mbele ya kamera, ningemuambia: Tshimanga, baki! Hapa ni kwako!"

Na kwa kukazia maneno akapiga ubao wa sanduku kwa kiganja. Ko! Ko!

Mama yangu!

Mwili wa Tshimanga haukuuliza kichwa. Miaka yote ya kazi, sauti hiyo ilikuwa na maana moja tu. Akaketi wima, macho yametoka, mikono mbele, pamba puani.

Vijana wa komite waliruka ukuta, viatu vikabaki. Shefu Mwenze alianguka kinyumenyume juu ya mama Ndaya, na mama Ndaya akaanza kulia kilio cha kweli. Nyuma, safu za watoto zikalipuka kwa makofi.

"Partie ya pili! Partie ya pili!"

Tshimanga akageuza kichwa polepole. Akaona viti, akaona kamera, akaona uso wa mkewe. Akaelewa alichokifanya. Sasa angefanyaje? Mwigizaji akiharibu, anaendelea mbele.

"Merci, shefu," akasema. "Nimesikia. Basi nabaki."

"Shefu amesema abaki!" mzee mmoja akapaza sauti. "Twote tumesikia!"

Shefu Mwenze aliinuka akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Jicho lake likatua kwenye ile taa nyekundu ya kamera, bado inawaka. Akapauka kuliko maiti. Mnakumbuka nilivyowaambia habari ya shefu wa mtaa mwingine, Mkatanga safi, aliyemficha rafiki yake Mkasai? Komite ya mjini ilimpandisha treni yeye na godoro lake. Na sasa Mwenze yuko kwenye kaseti, kwa sauti yake, anamwita Mkasai aliye hai mwana wa Katanga.

"Huyu mutu amekufwa," akasema.

"Shefu, anatuangalia," Kisimba akamwambia.

"Amekufwa! Nilishamufanyia diskur! Wapi uliona batu banafanyia diskur mutu muzima?"

"Shefu, amesema merci…"

"Nani ameshasikia? Wewe umesikia? Kama ni muzima, anaenda gare kupanda treni sasa hivi, na Kabemba na kaseti yake wanaenda naye. Kama ni mufu, ni mwana wa Katanga, tunamuzika leo. Muchague!"

Mbuyu hakusubiri. Alimsogelea mumewe, akamwekea mkono kifuani.

"Lala," akamwambia.

Tshimanga akalala. Mbuyu akaanza tena kulia kutoka pale alipoachia, na mama Ndaya akamfuata. Watu wakatazamana. Bukari ilikuwa imeshaiva na sahani ziko mikononi. Wakakubali kwa sauti moja kwamba maskini, amekufa kweli.

"Musumari!" shefu akaamuru. "Na upige nikiona."

Hapa nataka mnisikilize vizuri. Kisimba alikuwa na mifuko miwili. Wa kulia ulikuwa na misumari mifupi ya filamu, aliyopewa na Mbuyu chini ya kanga muda mfupi uliopita. Wa kushoto ulikuwa na misumari mirefu ya komite, ile ya kufungia milango ya nyumba za waliopelekwa gare, ili majirani wasiingie kabla ya wakubwa kuchagua. Hiyo ndiyo kazi yake ya kila siku siku hizi.

Kabla ya mfuniko kushuka, Mbuyu aliinama kumuaga mume.

"Makaburini," akanong'ona.

"Makaburini," midomo yake ikajibu bila sauti. Mkono wa Mbuyu ukabaki na unga, naye hakuupangusa.

Kisimba akalia. Katika filamu zote Kabemba alimpaka vitunguu machoni na chozi halikutoka. Leo machozi yalimwagika mpaka hakuona nyundo. Alilia kwa ajili ya dada yake, kwa ajili ya milango yote aliyoifunga, sijui kwa ajili ya nini kingine. Akatia mkono mfukoni, akapiga. Akatia tena, akapiga. Shefu akatikisa mfuniko, akaridhika.

Sanduku likapandishwa kamio, lile lori la komite. Mbuyu akakaa kando yake, wanawake wakaimba. Walipofika njia panda, makaburi yako mkono wa kulia. Kamio ikakata kushoto.

Mbuyu akasimama. "Shefu! Makaburi ni kule!"

"Najua," akajibu Mwenze kutoka mbele kwa dereva. "Alikuwa mwana wa Katanga, sirudishe neno. Lakini mufu anazikwaka kwa babu yake. Tunaenda gare."

Ee, wasomaji wangu, ndiyo akili ya wakubwa wetu hiyo. Hata maiti anafukuzwa, kwa heshima zote.

Gare ilijaa. Familia zilikuwa zimelala pale tangu kabla ya mvua, na vyungu, na vyerehani, na milango ya nyumba zao waliyoing'oa na kubeba kwa sababu hawakuwa na kingine cha kuonyesha kwamba waliwahi kuwa na nyumba. Wengine walikuwa wagonjwa, na hapo sina utani wa kufanya. Lakini sanduku liliposhushwa, watoto walilitambua mara moja. "Tata Sanduku! Tata Sanduku!" Wakalizunguka wakiwa na njaa zao, wanasukumana kupata nafasi ya mbele. Bibi mmoja akalalamika: "Sasa hata mufu anapanda treni? Siye tutakaa wapi?"

Sanduku likaingizwa kwenye behewa la chuma. Mbuyu akashika chuma cha mlango apande. Shefu Mwenze akaweka mkono katikati.

"Wewe hapana. Bamama ba Katanga banabaki. Rudia kwa kaka yako."

Hili ndilo lilikuwa jambo lenyewe, tangu mwanzo. Lile walilolikimbia mpaka ndani ya sanduku la maiti. Mbuyu alimtazama shefu, na kile chuma hakukiachia.

"Shefu, mi ni mujane. Mujane anaachaka mufu mu njia? Nionyeshe mama mumoja wa hapa, mumoja tu, aliyefanya vile. Mama yako alifanya?"

Watu wa gare wakageuka kusikiliza.

"Mama yangu usimutaje," akasema shefu, lakini sauti ilikuwa imeshuka.

Mama Ndaya akatoka mbele, kanga kiunoni. "Kilio hakijaisha! Nani anafukuza mujane ku kilio? Nani?" Wanawake wote wa Kapata wakaanza kulia upya, wakamzunguka Mwenze, wakamsukuma Mbuyu kwa makalio mpaka akaingia ndani ya behewa. Ilikuwa huruma au ilikuwa lile kabati? Mimi sijui. Nyoyo za watu zina vyumba vingi, na nyumba ya Mbuyu ilikuwa haijafungwa misumari.

Shefu akaona wanawake ni wengi. Akawaita vijana wawili wa komite.

"Mutamusindikiza mpaka Lubudi. Kwa heshima." Akainua kidole. "Na mufu akiamuka mbele ya kufika Lubudi, huyu si mujane tena. Munamushusha, anarudi na treni ya kurudi. Mumesikia?"

Wakasikia. Mmoja wao, kijana mnene, akatafuta pa kukaa, akaketi juu ya sanduku na kuanza kutafuna karanga.

Treni ikavuta. Mbuyu akapiga magoti kando ya sanduku, upande wa lile tundu, na akafurahi. Naandika kama ilivyokuwa: alifurahi. Kapata ilikuwa inarudi nyuma, nyumba imekwenda, kabati limekwenda, ila mume yuko hapa, na vijana hawa watashuka Lubudi, kulekule kwenye shamba la shangazi. Hata Kabemba asingeweza kutunga vizuri hivyo.

Ndipo akamwona Kisimba.

Kaka yake alikuwa anakimbia kando ya behewa, anaruka vyungu na watoto waliolala, mdomo wazi, sauti yake inamezwa na magurudumu. Alikuwa ameinua mkono wake wa kulia. Akaufungua. Kiganjani mlikuwa na misumari mifupi, yote.

Mbuyu aliishika midomo yake. Kisimba akajikwaa, akaanguka, akabaki nyuma.

Jua la mchana lilikuwa linachoma bati la behewa. Ndani ya sanduku goti likasukuma mfuniko. Mfuniko haukwenda popote. Likasukuma tena. Kisha kwenye lile tundu dogo ikapita sauti nyembamba, kavu, ambayo Tshimanga hakuwahi kuitumia katika filamu yoyote.

"Mbuyu… hii misumari haiko yetu."

Kijana mnene akaacha kutafuna. Akainamisha kichwa, akautazama ubao alioukalia, halafu akamtazama Mbuyu.

"Mama," akauliza, "mufu amesema nini?"